Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nani Achague Mada ya Jarida la Wahandisi wa Programu?

Swali ninalokusudia kulijadili katika insha hii linaweza kuonekana dogo, tena la watu wachache. Jarida la kitaalamu la watengenezaji wa programu za kompyuta linapotenga toleo zima kwa mada moja, je, anayependekeza mada hiyo anafanya jambo la kiufundi tu, au anafanya pia jambo la kimaadili? Je, kuna mada ya haki na mada isiyo ya haki? Wapo watakaosema kwamba haki na dhuluma ni mambo ya mahakama, ya ardhi na ya mishahara, si ya orodha ya makala. Mimi naona kwamba kupendekeza mada ni kuitisha baraza, na anayeitisha baraza huwa ameamua mambo mawili kabla mtu yeyote hajafungua kinywa: jambo litakalozungumzwa, na watu watakaoona kwamba linawahusu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Nitaonyesha jinsi methali hii inavyofanya kazi katika fani yetu, kisha nitatetea aina ya mada ambayo naamini sisi wanafunzi wa Kampala tunapaswa kuipendekeza.

Kwanza nieleze utaratibu, maana si wasomaji wote wa mkusanyiko huu wanaosoma kompyuta. Tuchukue mfano wa IEEE Software, jarida lililoanzishwa mwaka 1984 na ambalo sasa hutoka mara sita kwa mwaka. Si jarida la nadharia tupu. Linawaandikia watu wanaotengeneza programu kazini. Matoleo yake mengi hubeba mada maalumu. Watu wachache, aghalabu wahadhiri na wataalamu wa kampuni, huandika pendekezo: mada ni ipi, kwa nini iwe sasa, akina nani wanaweza kuiandikia, na wao wenyewe wana ujuzi gani wa kuisimamia. Pendekezo likikubaliwa, wao huwa wahariri wageni wa toleo hilo. Mwito wa makala hutangazwa, makala huja, wahakiki huzipima, nyingine hurudishwa, chache hubaki, na wahariri wageni huandika utangulizi wa kumweleza msomaji kwa nini mada hiyo ina uzito. Ni kweli kwamba jarida hupokea pia makala zilizo nje ya mada, lakini toleo hukumbukwa kwa jina la mada yake.

Tuangalie vizuri mahali ambapo ukali wa mapitio unaanza. Makala mbovu hukataliwa kwa sababu zinazoweza kuelezwa: vipimo havitoshi, hoja haikamiliki. Makala iliyo nje ya mada haihitaji kuwa mbovu. Inatosha kuambiwa kwamba haihusiki. Hukumu ya "haihusiki" imekwisha kutolewa zamani, siku ile mada ilipoandikwa, na aliyehukumiwa hakuwepo wala hakuitwa kujitetea.

Historia ya fani yetu ina mifano ya nguvu hii. Machi 1968, Edsger Dijkstra, msomi wa Uholanzi, alichapisha katika jarida la Communications of the ACM hoja fupi dhidi ya goto, amri inayoiruhusu programu kuruka kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Aliipeleka kama makala. Mhariri wake, Niklaus Wirth, aliichapisha kama barua kwa mhariri ili itoke haraka, na akaipa kichwa kingine, kikali kuliko cha mwandishi, kilichotangaza kwamba amri hiyo ni ya kuhesabiwa kuwa na madhara. Kichwa hicho kikawa msemo wa fani. Hadi leo waandishi hukiiga wanapotaka kushambulia jambo lolote. Hoja ilikuwa ya Dijkstra, lakini baragumu lilipigwa na mhariri.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Kamati ya Sayansi ya NATO ilidhamini mkutano huko Garmisch, Ujerumani. Zaidi ya watu hamsini kutoka nchi kumi na moja walikutana kuzungumzia kile ambacho baadhi yao walikiita mgogoro wa programu: mifumo mikubwa iliyochelewa, iliyozidi bajeti na iliyojaa hitilafu. Mkutano huo ndio uliolieneza jina la uhandisi wa programu, jina ambalo leo limeandikwa katika shahada zetu. Siwalaumu waliokutana Garmisch. Walizungumzia matatizo waliyokuwa nayo, kama kila mtu afanyavyo. Lakini tatizo lililoitwa la fani nzima lilikuwa, kwa hakika, tatizo la wenye kompyuta kubwa za Ulaya na Amerika Kaskazini. Sisi tulikuja baadaye tukakuta ajenda imeandikwa, tukaikariri kwa ajili ya mtihani kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi na swali langu. Mwaka 1992 Ward Cunningham alitumia mfano wa deni kueleza hali ya mtu anayetoa programu kabla hajaisafisha vizuri: leo unapata haraka, kesho unalipa riba kila unapoigusa tena. Miaka ishirini baadaye, katika toleo la Novemba na Desemba 2012, IEEE Software iliifanya deni la kiufundi kuwa mada. Hilo lilikuwa jambo jema. Lililokuwa manung'uniko ya ofisini likapata jina, likapata vipimo, meneja akapata lugha ya kuelewana na mtengenezaji. Hata hivyo, mfano wa deni una dhana ndani yake: kwamba anayekopa ndiye atakayelipa. Programu ya kituo cha afya ikitolewa ikiwa nusu imekamilika, riba hulipwa na muuguzi anayeandika majina ya wagonjwa mara mbili, mara moja kwenye daftari na mara moja kwenye kompyuta, na hulipwa na mgonjwa anayengoja kwenye benchi. Katika maisha ya kawaida, kukopa kwa jina la mtu mwingine bila yeye kujua hakuitwi deni. Kuna neno jingine. Mada ikisema "deni" bila kuuliza "deni la nani?", tayari imemwondoa muuguzi barazani.

Hapa nitapingwa, na pingamizi lenyewe si dhaifu. Mtu atasema: jarida si bunge. Lina wasomaji wake, wanachama wanaolipa ada, na wajibu wake ni kuwapa kinachowafaa kazini. Mhariri wa jarida la wavuvi halaumiwi kwa kutoandika habari za wafugaji. Asiyeridhika aanzishe jarida lake.

Ningekubali pingamizi hili kama wahandisi wa programu wangekuwa chama cha watu wenye burudani yao. Lakini wao wenyewe wamekataa kujiita hivyo. Mwaka 1999 IEEE Computer Society, jumuiya ileile inayochapisha IEEE Software, pamoja na ACM, zilipitisha kanuni za maadili za uhandisi wa programu. Kanuni hizo zina misingi minane, na wa kwanza kutajwa si mwajiri wala mteja, ni umma. Mhandisi atende kwa namna inayopatana na maslahi ya umma. Fani iliyoweka umma mbele haiwezi kusema kwamba mazungumzo yake kuhusu kazi yake yenyewe hayamhusu mtu mwingine. Mvuvi hajamwahidi mfugaji chochote. Mhandisi ameuahidi umma.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya maarifa, si ya huruma. Wahenga walisema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kuumizwa na programu mara nyingi anajua jambo ambalo mtengenezaji hawezi kulijua akiwa mezani pake. Ushahidi mkubwa ninaoujua ni wa Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987, katika hospitali za Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa na mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao walikufa. Mtengenezaji alishikilia kwamba jambo hilo haliwezekani. Kitendawili kilianza kuteguliwa mwaka 1986 katika hospitali ya mji wa Tyler, Texas, pale mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendesha mashine walipokaa wenyewe wakarudiarudia hatua zote hadi wakaweza kuitokeza hitilafu kwa makusudi. Ilitokea pale mtu mwenye mikono myepesi aliporekebisha maelezo kwenye skrini haraka, ndani ya sekunde chache. Mwendesha mashine hakuwa mhandisi wa programu. Alikuwa na vidole vilivyozoea kazi, na vidole hivyo vilijua jambo ambalo majaribio ya kiwandani hayakuligundua.

Julai 1993, Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchunguzi wao wa ajali hizo katika jarida la Computer, la jumuiya hiyohiyo. Makala hiyo ingali inafundishwa, na hata sisi tuliisoma darasani. Naitaja kwa sababu inaonyesha kile ambacho jarida la kitaalamu linaweza kukifanya likiamua: kuchukua maarifa ya chumba cha matibabu na kuyaweka mbele ya fani nzima, ili makosa ya mahali pamoja yasirudiwe mahali pengine. Nadhani hilo ndilo lengo la jarida kama hilo, na mada ihukumiwe kwa lengo hilo.

Sasa nije kwetu. Muhula huu mhadhiri wetu ametutaka tuandike, kama darasa, pendekezo moja la toleo maalumu, na ameahidi kutusaidia kulipeleka kwa wahariri likifikia kiwango. Yamebaki mapendekezo mawili. La kwanza, ambalo lina wafuasi wengi, ni "Uhandisi wa Programu Barani Afrika". La pili ni "Programu Mahali Mtandao na Umeme Hukatika". Mjadala umekuwa mkali, na tunaoketi pamoja mezani kila mchana sasa tunagawanyika mara tu sahani zinapoondolewa.

Wanaotetea la kwanza wana hoja ya nguvu. Dada mmoja katika kundi letu aliieleza vizuri kuliko ninavyoweza: mtu aliyenyimwa kiti kwa miaka mingi haombi kwanza kuzungumzia hali ya hewa, anaomba kiti. Tena njia hiyo imepitiwa na wengine. Communications of the ACM ilianza mwaka 2018 kutoa sehemu maalumu za kanda za dunia, ya kwanza ikiwa ya China. Kwa nini sisi tuone haya kutaja jina letu?

Siuonei haya ujina wetu. Ninachohofia ni kile ambacho mada ya namna hiyo inamfanyia msomaji. Mhandisi wa Toronto au Berlin akiona jalada limeandikwa "Afrika", amekwisha kuambiwa kwamba mambo yaliyomo ni ya Afrika. Atasoma kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya jirani, kisha atarudi kwenye kazi yake. Toleo litakuwa limetupa chumba cha wageni: kitanda kizuri, shuka safi, na mlango unaofunguka siku ile tu tulipokaribishwa. Toleo linalofuata litarudia mada za siku zote, na mhariri ataweza kusema, kwa moyo mweupe, kwamba Afrika ilishapata zamu yake.

Lipo jambo lingine. Mada ya mahali hutuweka sisi kuwa kitu kinachochunguzwa. Mada ya tatizo hutufanya tuwe wenye ujuzi wa tatizo hilo. Fikiria malipo ya simu, ambayo hapa Uganda yalianza mwaka 2009. Mama anayeuza nguo katika soko la Owino ana simu ya kitochi. Anabonyeza nyota na namba, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri, na mtandao unakatika hapohapo. Je, pesa imekwenda au haijakwenda? Akirudia, atalipa mara mbili? Asiporudia, atadaiwa? Katika lugha yetu ya darasani, tatizo hilo ni la kuhakikisha kwamba ombi lilelile likitumwa mara mbili litekelezwe mara moja tu. Ni tatizo la benki za London na la maduka ya mtandaoni ya Marekani pia. Tofauti ni kwamba kule hutokea siku mbaya, na hapa hutokea siku ya kawaida. Anayeishi na tatizo kila siku ndiye mwalimu wa anayekutana nalo mara moja kwa mwaka.

Mfano mwingine ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika mwaka 2006 huko Eldoret, Kenya, na baadaye mwaka huohuo Rwinkwavu, Rwanda. Ulibuniwa kwa ushirikiano wa watu wa Marekani na wa huku, kwa ajili ya hospitali zilizohitaji kufuatilia wagonjwa wengi wa UKIMWI katika mazingira yenye uhaba. Sasa unatumika katika nchi nyingi, si za bara hili peke yake. Mfumo uliokubali tangu mwanzo kwamba hali zitakuwa ngumu umeweza kusafiri. Lau watu wangeuita suluhisho la Eldoret, ungebaki Eldoret.

Tena kuna suala la uzito wa programu, ambalo vitabu vyetu hulitaja kwa haraka. Nchini Uganda, Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Programu inayojisasisha yenyewe bila kumuuliza mwenye simu inatumia pesa ya mtu bila ruhusa yake. Mtengenezaji aliye mahali ambapo data haihesabiwi hawezi kuliona hilo kama suala la maadili. Kwake ni suala la ufanisi. Mada iliyoandikwa kutoka upande wetu ingemlazimisha alione.

Kwa hiyo napendekeza vigezo vitatu vya kuipima mada kama ni ya haki. Kwanza, iwe swali la kweli, si jibu linalotafuta mashahidi. Mada inayouliza faida za teknolojia fulani, huku mpendekezaji anafanya kazi katika kampuni inayoiuza, imekwisha kuhukumu. Si dhambi mtu wa kampuni kuwa mhariri mgeni, maana wao wanajua mengi. Lakini swali lazima liwe pana kiasi cha kuruhusu jibu la "hapana". Pili, mada ifungue mlango kwa habari za kushindwa. Mwito unaoomba "mafanikio" hupata mafanikio, na anayesoma hujifunza kwamba yeye peke yake ndiye anayeshindwa. Tatu, iwe na njia ya kuwaingiza wale ambao hawaandiki makala za kitaalamu: mahojiano, makala zinazoandikwa kwa ubia na watumiaji, na muda wa kutosha wa kutafsiri. Ukiwaalika watu barazani kwa lugha moja tu na kwa mtindo mmoja tu wa kusema, wengi wao hujawaalika.

Kigezo hiki cha tatu kinatugeukia sisi wenyewe, na sitaki kukikwepa. Wanafunzi wa chuo kikuu wenye kompyuta za mkononi si mama wa Owino, wala si muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini. Tunaweza tukawafanyia wao kile tunachowalaumu wengine kutufanyia: kusema kwa niaba yao, kwa ufasaha, jambo ambalo wao wasingelisema. Kuzaliwa katika nchi moja na mtu hakumpi mtu haki ya kuwa kinywa chake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi hatujafa.

Hiyo ndiyo sababu kura yangu, wiki ijayo, itakwenda kwa pendekezo la pili kwa sharti moja, na nawaomba wenzangu wa pande zote mbili walifikirie. Kabla pendekezo halijafika kwa mhariri yeyote, tulisome kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kiganda, mbele ya wakala wa malipo ya simu, mbele ya muuguzi, na mbele ya kijana wa boda anayepokea nauli kwa simu. Tuwaulize kama tatizo tulilolieleza ni lao, na kama tumelieleza kwa mpangilio wa umuhimu wanaoujua wao. Wakituambia kwamba tumekosea, tuliandike upya, hata kama siku ya kuwasilisha imekaribia. Nimekwisha kuzungumza na wakala aliye karibu na hosteli yetu. Amekubali, ila ametaka tuje kabla ya saa kumi na moja jioni, wateja wake hawajaanza kumiminika.